Kufunga Simu ya Upepo Kwenye Gari la Porini, Kuanzia Betri Hadi Ncha ya Antena

Dereva anayepeleka wageni Serengeti kutoka Arusha anajua vizuri ni wapi simu ya mkononi huacha kushika, na anajua pia kwamba huko huko ndiko gari huzama kwenye tope jeusi, springi hukatika, au mgeni huugua ghafla. Hapo tegemeo lake ni simu ya upepo iliyofungwa chini ya dashibodi. Kwa muda wote ambao nimefunga na kutengeneza redio hizi, nyingi nilizoletewa kama mbovu zilikuwa nzima kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye fyuzi iliyolegea, kwenye ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi, iliyokazwa juu ya rangi, au kwenye kebo ya antena iliyobanwa na mlango. Ndiyo maana mwongozo huu unaieleza redio yenyewe kwa ufupi na kukaa zaidi kwenye waya, viungio na antena, kwa kuwa vitu hivyo ndivyo vinavyoamua kama sauti yako itasikika siku unayoihitaji.

Kabla hujanunua chochote, shughulikia leseni. Masafa ya redio hayatumiwi kiholela: Tanzania hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na Kenya hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo. Kampuni yenye magari huomba masafa yake, hupewa namba za chaneli pamoja na masharti ya nguvu na eneo la matumizi, kisha fundi huziingiza namba hizo kwenye redio kwa kompyuta na programu ya mtengenezaji. Mwenye gari moja ambaye atakuwa akisafiri kwa kutegemea mtandao wa kampuni nyingine anapaswa kupata idhini ya kampuni hiyo kwanza. Nasisitiza jambo hili kwa sababu urefu wa antena unakatwa kulingana na masafa utakayotumia, na asiyejua masafa yake hawezi kuikata antena sawasawa.

Redio ipi, na nguvu kiasi gani

Redio nyingi za magari ya porini hapa kwetu ni za VHF, zinazofanya kazi kati ya megahezi 136 na 174, zenye nguvu ya wati 25 hadi 50. Mashirika ya misaada yanayopeleka magari mbali sana hutumia pia redio za HF, ambazo mawimbi yake hurudishwa chini na tabaka la juu la anga na kufika mamia ya kilomita, lakini antena zake ni kubwa na ufungaji wake unahitaji maelezo ya peke yake. Hapa nazungumzia VHF.

Mawimbi ya VHF husafiri karibu kama mwanga: huenda moja kwa moja, na kilima kikiingia katikati huzuiwa. Magari mawili yaliyo kwenye tambarare, kila moja likiwa na antena iliyo mita 2 kutoka ardhini, upeo wao ni kama kilomita 11 tu, kwa sababu ya mviringo wa dunia. Gari hilo hilo likiongea kupitia ripita, yaani mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha upya, iliyowekwa kilimani mita 400 juu ya tambarare, upeo wa kinadharia unapita kilomita 80. Aliye ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambako ukingo uko kama mita 600 juu yake, hawezi kumpata aliye nje ya kreta bila ripita inayochungulia ndani, hata redio yake iwe na nguvu kiasi gani. Kutoka wati 25 hadi wati 50 tofauti inayosikika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na mimi nikipewa fedha za kuchagua kimoja, huchukua redio ya wati 25 na kuziweka fedha zilizobaki kwenye antena na kebo nzuri.

Jambo la kupima kabla ya kufungua boneti kwa kazi yenyewe ni volti za gari. Redio hizi hutengenezwa kwa ajili ya umeme wa volti 12, ambao injini ikiwaka hufika kati ya 13.5 na 14.4. Lakini baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani, pamoja na magari ya zamani ya jeshi na malori, hutumia volti 24 zinazotokana na betri mbili zilizofuatana. Redio ya volti 12 ikiunganishwa na volti 24 huungua papo hapo. Wapo mafundi wanaochukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya hizo mbili, na redio huwaka vizuri, lakini betri hiyo huchoka mapema na nyenzake hujazwa kupita kiasi, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa zote mbili hufa. Tumia kipunguza volti kinachobadili 24 kuwa 12, na hakikisha kinaweza kutoa ampea ambazo redio inahitaji wakati wa kuongea, ambazo kwa redio ya wati 50 ni kati ya 10 na 15.

Umeme wa redio

Chukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Niliwahi kufunga redio kwenye gari la kukodi kwa haraka, nikachukua umeme nyuma ya tundu la kiberiti cha sigara kwa sababu lilikuwa karibu na redio. Gerejini redio ilifanya kazi vizuri, dereva akaondoka. Siku ya tatu alipiga simu kutoka getini akisema kwamba anawasikia wenzake wote, ila kila akibonyeza kitufe cha kuongelea taa ya redio inazima na kuwaka upya. Waya wa tundu lile ni mwembamba na unahudumia vitu vingine, na wakati ule mgeni alikuwa amechomeka kichaji cha kamera. Redio ikipokea hutumia chini ya ampea 1, kwa hiyo hata waya mbaya huonekana mzuri. Ikirusha ndipo hudai ampea zake zote kwa mkupuo, na volti huporomoka. Dereva yule alikaa safari nzima akisikia bila kusikika, na kosa lilikuwa langu.

Ukubwa wa waya unaweza kuuhesabu. Kutoka kwenye betri hadi dashibodi ni kama mita 4, na umeme huenda na kurudi, hivyo njia nzima ni mita 8. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ampea 10 hupoteza zaidi ya nusu volti njiani. Kwa waya wa milimita za mraba 6 hupotea chini ya robo volti. Mimi hutumia 4 kwa redio ya wati 25 na 6 kwa redio ya wati 50, na huchagua waya wenye nyuzi nyingi nyembamba badala ya waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene, kwa kuwa huo wa nyumbani hukatika ndani kwa ndani kwa mtikisiko wa barabara na kwa nje huonekana mzima.

Fyuzi ya waya chanya iwekwe karibu na betri, ndani ya sentimita 20 hivi, na si karibu na redio. Fyuzi hii kazi yake ya kwanza ni kulinda waya: ikiwa waya utachubuka kwenye bati na kugusa bodi mahali popote baada ya fyuzi, fyuzi itakatika. Lakini ikiwa fyuzi iko huko dashibodini, kipande chote cha waya kutoka kwenye betri kitawaka moto kabla ya kitu chochote kukatika, na gari linaweza kuteketea. Tumia kishikio cha fyuzi chenye kifuniko kisichopitisha maji na vumbi, na fyuzi ya ukubwa uliotajwa kwenye kitabu cha redio, ambayo mara nyingi ni ampea 10 au 15. Usiiingize fyuzi hiyo mpaka waya zote na antena ziwe zimeunganishwa.

Waya hasi nao una mahali pake. Uunganishe kwenye bodi, pale ambapo waya mnene wa ethi wa betri umefungwa kwenye bodi, na si kwenye kichwa cha betri chenyewe. Sababu ni hii: waya mnene wa ethi ukilegea au ukikatika, umeme mkubwa wa starta hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na ikiwa waya mwembamba wa redio umefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, utapita humo, kupitia redio na hata kupitia wavu wa kebo ya antena, yaani nyuzi za shaba zilizosukwa kuzunguka waya wake wa katikati. Kwenye magari mapya kuna pia kihisi cha umeme kwenye kichwa hasi cha betri, ambacho hupata hesabu isiyo sahihi ikiwa mtu ameunganisha kitu nyuma yake.

Mahali hapo pa ethi pakwanguliwe. Chukua msasa, ondoa rangi mpaka bati ling'ae kama sarafu mpya kwa upana wa washa nzima, weka terminali ya pete, juu yake washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi au rangi juu ya vyote ili hewa na maji visiingie. Nati iliyokazwa juu ya rangi hushika vizuri kwa mkono, lakini umeme unapita kwenye nyuzi za bolti tu, na kutu ikianza hapo redio huanza kukoroma wiki chache baadaye.

Kwenye gari lenye betri mbili, yaani moja ya kuwashia injini na nyingine ya friji na vichaji, wengi hushauri redio iende kwenye betri ya pili. Mimi huiunganisha na betri ya kuwashia. Friji na inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) huweza kuimaliza betri ya pili usiku mmoja wa kambi, na redio ikiwa hapo hunyamaza pamoja navyo. Ilhali redio inayosikiliza tu haiwezi kuidhuru betri nzima ya kuwashia kwa usiku mmoja. Kama redio ina waya wa kuhisi swichi ya gari, uunganishe ili redio ijizime ufunguo unapotolewa, lakini mfundishe dereva jinsi ya kuiwasha gari likiwa limezimwa.

Kupitisha waya kutoka kwenye injini hadi ndani, tafuta kwanza tundu lililopo kwenye ukuta wa bati, ambalo tayari lina mpira. Ukilazimika kutoboa, angalia upande wa pili kuna nini kabla ya kushika drili, paka rangi kingo za tundu, na weka kipete cha mpira. Bati lisilo na mpira hukata waya kama kisu kwenye barabara zenye mawimbi kama bati la kuezekea. Waya uvishwe bomba la plastiki lenye mikunjo, ukae mbali na bomba la moshi na pedali, na ufungwe kwa vibanio vya plastiki kila baada ya sentimita 30 hivi.

Antena

Hapa ndipo kazi inapoamuliwa. Antena ya kawaida ya VHF ya gari ni fimbo yenye urefu wa robo ya wimbi, na urefu huo hupatikana kwa kugawa 75 kwa megahezi, jibu likiwa katika mita, kisha kupunguza kama asilimia 5. Kwa megahezi 150 ni nusu mita kwenye karatasi na karibu sentimita 47 au 48 kwenye gari. Lakini fimbo hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake, ambalo hufanya kazi kama kioo. Bati likikosekana, mawimbi hayatoki inavyotakiwa na mengine hurudi kupitia kebo mpaka kwenye redio na kwenye maiki. Ndiyo maana mahali bora kabisa pa antena ni katikati ya paa la bati, ambako pana bati pande zote.

Magari yetu ya watalii, hata hivyo, yana paa la kunyanyuka, na mara nyingi paa hilo ni la faiba. Faiba kwa mawimbi ya redio ni sawa na hewa tupu. Nimeona antena nzuri za bei kubwa zimefungwa katikati ya paa la faiba kwa sababu ndipo palipo juu zaidi, na gari halisikiki hata nje ya geti. Ziko njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuiweka antena kwenye ukingo wa boneti au kwenye madigadi, kwa kishikio cha chuma kilichokazwa kwenye bati lililokwanguliwa. Mawimbi yataelekea zaidi upande wa pili wa gari, penye bati jingi, lakini kazi itafanyika. Ya pili ni kubandika bati jembamba la alumini chini ya faiba, likienea sentimita 50 kila upande kutoka kwenye mguu wa antena, na kuliunganisha na wavu wa kebo. Ya tatu ni kununua antena ya nusu wimbi iliyotengenezwa kufanya kazi bila bati chini yake, ambayo hufungwa vizuri kwenye ngao ya mbele au kwenye ngazi ya nyuma.

Kwangu mimi, kwenye gari la kuangalia wanyama, njia ya kwanza na ile ya ngao ndizo bora, na sababu ni wageni. Paa likinyanyuliwa wao husimama vichwa vikiwa nje, na antena iliyo juu ya paa huwa nusu mita tu kutoka usoni. Fimbo ikichezacheza kwa mwendo inaweza kumpiga mtu jicho, na dereva akibonyeza kitufe cha kuongelea, wati 25 au 50 zinatoka karibu kabisa na kichwa cha mtu. Weka antena angalau mita 1 kutoka mahali mtu anaposimama au kukaa, acha kidude cha mviringo kwenye ncha ya fimbo, na mwambie dereva asirushe mawimbi mtu akiwa ameishika antena, maana huunguza ngozi.

Boneti peke yake haitoshi kuwa ethi. Bawaba zake zina grisi na rangi, hivyo umeme hupita leo na kesho haupiti. Funga waya bapa wa kusuka kutoka boneti hadi bodi, mfupi kadiri inavyowezekana, na bati likwanguliwe pande zote mbili. Fanya vivyo hivyo kwa ngao iliyofungwa kwa mipira. Mguu wa antena ufungwe kwa nati zenye nailoni ndani au zenye washa ya springi, kwa sababu barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, geti la kuingilia Serengeti, inaweza kufungua nati ya kawaida kwa siku moja.

Kebo inayotumika sana ni RG-58 ya omu 50. Kwa mita 5 hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu kwenye megahezi 150, jambo linalovumilika, lakini usiiache ndefu bila sababu na usiizungushe ziada yake kama kamba ya mbuzi. Usikubali uuziwe kebo ya televisheni, ambayo ni ya omu 75, hata kama inafanana kwa macho. Kebo isipinde kwa kona kali kuliko mdomo wa kikombe cha chai, na isipite mahali mlango au boneti inapofungia. Kebo iliyobanwa mara moja huonekana kurudi katika umbo lake, lakini plastiki ya ndani imeshaminywa na waya wa katikati umesogea.

Kuunganisha konekta kwenye kebo ndiyo sehemu inayotaka mkono uliotulia. Kwa konekta ya PL-259, vua ganda la nje bila kugusa wavu, rudisha wavu nyuma kwa vidole, vua plastiki ya ndani bila kukata hata uzi mmoja wa shaba, paka lehemu kwenye waya wa katikati kwanza, kisha ingiza na uchomelee ncha. Wavu nao uchomelewe kupitia matundu ya pembeni, na chuma cha kuchomelea kiwe na joto la kutosha ili kazi iishe kwa sekunde chache, kwani ukikawia plastiki ya ndani huyeyuka na waya wa katikati hugusa wavu. Ikipoa, pima kwa mita ya umeme kabla hujaifunga kwenye antena: kati ya ncha na ganda la konekta kusiwe na njia ya umeme hata kidogo, na kati ya ncha ya upande huu na ya upande ule kuwe na njia safi. Konekta iliyo nje ya gari ifungwe utepe wa mpira unaojishika, kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze, na juu yake utepe wa kawaida wa umeme.

Kuikata antena kwa mita ya SWR

Usibonyeze kitufe cha kuongelea antena ikiwa haijaunganishwa. Nguvu isiyo na pa kutokea hurudi kwenye redio na inaweza kuunguza transista za mwisho, ambazo ndizo sehemu ghali ya redio.

Mita ya SWR huingizwa kati ya redio na kebo ya antena, na hutuonyesha nguvu kiasi gani inarudi badala ya kutoka. Ikisoma 1.5, inayorudi ni asilimia 4. Ikisoma 2 ni asilimia 11. Ikisoma 3 ni robo nzima, na redio nyingi hapo hujipunguzia nguvu zenyewe ili zisiungue. Sasa ingiza fyuzi, toa gari nje ya gereji, mbali na bati na magari mengine, funga milango na boneti, na mtu asisimame karibu na antena. Sikiliza kama chaneli iko wazi, jitambulishe, kisha pima kwenye chaneli ya masafa ya chini kabisa uliyopewa, kwenye ya katikati na kwenye ya juu kabisa, kwa sekunde mbili tatu kila moja.

Kama usomaji wa masafa ya juu ni mbaya kuliko wa masafa ya chini, fimbo ni ndefu, ikatwe. Kama masafa ya chini ndiyo mabaya, fimbo ni fupi, na fupi haina dawa ila kununua nyingine au kuivuta kidogo kwenye kishikio chake ikiwa nafasi ipo. Kwa hiyo kata kidogo kidogo. Karibu na megahezi 150, milimita 3 ni kama megahezi 1 nzima, na fundi anayekata sentimita nzima kwa pupa ameshapita alipokuwa akienda. Mimi hukata milimita 2, hulainisha ncha kwa tupa, narudi kwenye mita, na sichoki kurudia mpaka chaneli zote ziwe chini ya 1.5. Ikiwa usomaji uko juu ya 3 kwenye chaneli zote na kukata hakubadilishi kitu, acha kukata, maana tatizo si urefu. Rudi kwenye ethi ya mguu wa antena na kwenye konekta.

Kelele za gari lenyewe

Redio ikishasikika vizuri injini ikiwa imezimwa, washa injini na usikilize. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa injini hutoka kwenye alteneta na huingia kupitia waya wa umeme. Mara nyingi huisha ethi ikikwanguliwa upya, na ukibaki, chujio la umeme kwenye waya wa redio humaliza kazi. Mvumo mzito usiobadilika, ambao hufanya chaneli dhaifu zipotee kabisa, hutoka zaidi kwenye vifaa tulivyoviongeza wenyewe: inveta za kuchajia kamera, vichaji vya simu vya bei rahisi, taa ndefu za LED na friji. Zima kimoja kimoja huku redio ikisikiliza kituo cha mbali, na utampata mwenye kelele. Inveta ndiyo nimeikuta mara nyingi zaidi. Ihamishe mbali na kebo ya antena, fupisha nyaya zake, na zungushia pete za feraiti. Isipokubali, ibadilishwe, kwa sababu kelele yake humzuia dereva kusikia wito wa mwenzake aliyekwama.

Mahali pa redio ndani ya gari

Gari letu usukani wake uko kulia, hivyo maiki iwe kushoto kwa dereva, mahali mkono unapofika bila macho kuacha barabara, na waya wake usiguse gia. Redio yenyewe isikae mbele ya magoti wala mbele ya mifuko ya hewa ikiwa gari linayo, na mgongo wake wenye mapezi ya kupooza uachiwe nafasi ya hewa. Spika ya nje ya shilingi chache, ikielekezwa sikioni mwa dereva, husaidia sana kwenye gari lenye madirisha wazi.

Jaribio la mwisho

Weka mita ya umeme kwenye plagi ya redio na mwenzako aongee kwa nguvu kamili injini ikiwa imezimwa: tofauti kati ya volti za kwenye betri na za kwenye redio isizidi nusu volti. Ikizidi, shika kila kiungio kwa kidole baada ya kuongea kwa nusu dakika. Kilicho na joto ndicho kibovu. Washa kisha injini, taa zote na kipooza hewa, na uangalie kama kuna kitu cha gari kinachobadilika redio inaporusha, kama vile mshale wa mafuta kuruka au taa ya onyo kuwaka, kwani hiyo ni dalili kwamba kebo ya antena imepita karibu mno na nyaya za kompyuta ya gari.

Endesha gari mpaka mahali unapopajua kuwa ni pagumu, nyuma ya kilima au bondeni, uite kituo, na umwombe anayekujibu akueleze sauti yako ilivyo. Andika majibu pamoja na usomaji wa SWR wa kila chaneli kwenye karatasi, uiweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kisanduku cha dashibodi, na uweke humo fyuzi mbili za akiba. Gari likirudi kutoka safari yake ya kwanza, kabla halijaoshwa, shika mguu wa antena na uutikise, kaza nati zote, pima SWR tena na ulinganishe na karatasi hiyo. Namba ikiwa imepanda, fungua konekta ya nje kwanza na uangalie kama vumbi au maji yameingia.